Akiba Huoza

Wahenga walisema akiba haiozi.
Hawakuwahi kushika simu ya Khainza:
kioo kimepasuka kuanzia pembe yenye saa,
na ndani yake kipimo cha mvua cha Jumanne
kinajidai ni cha Alhamisi.

Naanza upya, Mbale, ghorofa ya pili,
juu ya duka la betri za sola.
Umeme umerudi saa nne usiku, bando limebaki robo.
Nafungua mradi, napakua maktaba,
natazama asilimia zikitambaa kama jongoo:
arobaini, arobaini, arobaini na moja.

Vitabu vinamwita mteja.
Mteja gani huyu, hanunui wala habishani bei?
Mimi namwita tarishi.
Kazi yake ni kwenda kwa seva na swali moja mfukoni
(Bukalasi imenyesha milimita ngapi?)
na kurudi na jibu, au kurudi na aibu.

Kosa langu la mwezi jana nalikiri:
nilizaa tarishi mpya ndani ya kila ukurasa.
Wa ramani akasema kumi na mbili,
wa orodha akasema arobaini na moja,
na mlima ni ule ule.
Leo namweka mmoja tu, mlangoni, juu ya kurasa zote.
Mistari minne. Nimekaa nayo saa mbili.

Halafu nimfunze adabu.
Akikuta mlango umefungwa, abishe mara tatu:
angoje sekunde moja, kisha mbili, kisha nne.
Asigonge kama mdai.
Akiambiwa ufunguo wake si wenyewe, asirudie hata mara moja,
aje aniamshe.

Limebaki suala la umri.
Jibu likae muda gani kabla halijachacha?
Maziwa nayajua kwa pua, matoke kwa kidole;
namba haina harufu.
Mfano wa kitabuni umeandika dakika tano.
Mwandishi wake, nadhani, anaishi nchi tambarare.

Wetaka husoma kipimo saa tatu asubuhi, uani kwa shule,
huinama mpaka jicho lilingane na maji.
Mvua ikizidi husoma kila saa, hata usiku,
tochi mdomoni, daftari ndani ya mfuko wa plastiki,
kisha hupanda mgongo wa kilima kutafuta mtandao.
Siku nyingine huupata. Siku nyingine
namba hulala naye kwenye koti lililolowa.

Naandika sifuri: tarishi aende kila nukta.
Nafuta. Bando la watu si maji ya mto.
Naandika kumi. Nakunywa chai iliyopoa.
Kumi inakaa pale, siipendi, siigusi.

Nampigia Khainza; najua halali wingu likitanda.
Zima data, namwambia, kisha fungua programu.
"Maandishi yamekuwa ya kijivu. Yanaumwa?"
Hayaumwi. Ni ya zamani. Tarishi hajarudi.
"Ya lini?"
Ya saa sita mchana.
Ananyamaza. Nyuma yake nasikia bati
likipokea tone, na tone, na jingine.
"Sasa mimi nitajuaje kwamba kijivu ni zamani?
Ukuta wangu pia ni wa kijivu.
Kama hujui, andika hujui."

Nafuta *Hitilafu ya mtandao*, maneno niliyoyarithi
bila kuuliza ni ya nani.
Naandika: *Hii ni ya saa sita mchana. Ya sasa sijui.*
Namtumia. Anasoma kwa sauti, polepole,
kama anayehesabu chenji.
"Eeh," anasema. "Hiyo naielewa."
Anawasha data.
Sote wawili tunangoja, na tarishi anabisha:
moja,
mbili,

nne.